Breka ya Shangazi Lesieli

Kila nyumba kisiwani ilikuwa na breka moja ya umeme, zote za ukubwa mmoja, zimepangwa ubaoni ndani ya chumba cha betri: ya chifu, ya mchungaji, hata ya wale walevi wawili wa ncha ya kusini. Mitambo ya jua ilikuwa mali ya kijiji, si ya serikali wala ya tajiri yeyote wa mji mkuu, Nuku'alofa, na sharti lake liliandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: nyumba moja, fungu moja. Funguo za mlango huo alikuwa nazo Folau. Alikuwa mtu mwaminifu, mpole, tena mwoga, ingawa hilo la uoga hakuna aliyelijua, hata yeye mwenyewe.

Asubuhi moja shangazi yake Lesieli, dada mkubwa wa marehemu baba yake, akamwita. Folau akaingia, akajikunja kwenye mkeka karibu na mlango, maana mbele ya shangazi mtu hasimami.

"Umenenepa," akasema Lesieli. "Funguo zinalisha?"

"Ni mapishi ya mke wangu, Shangazi."

"Vika huyu huyu aliyetuunguzia viazi vikuu Krismasi?" Akacheka peke yake. "Haya, sikiliza. Mkutano wa kanisa unakuja, wageni mia mbili, na samaki wa kuwalisha ni juu yangu. Wanangu wameniletea friza ya pili kutoka Auckland. Nikiiwasha tu, breka inaruka. Niongezee fungu."

Na shangazi, jamani, hakataliwi. Akimtaka nguruwe wako anamchukua. Akimtaka mtoto wako amlee, unamfungia nguo zake. Mtu wa kumkatalia shangazi yake alikuwa hajazaliwa kisiwani pale, au alizaliwa akafa kwa aibu.

Folau alitoka jasho njia nzima. Umeme wa kijiji haukuwa wake kuugawa, lakini fungu la nyumbani kwake si lilikuwa lake? Akafungua chumba cha betri, akaichomoa breka ya nyumba yake, akaiunganisha kwa shangazi. Mafungu yalibaki yale yale na shangazi hakukataliwa. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Umetoa umeme wetu?" akauliza Vika mkewe.

"Nimempa Shangazi."

"Ahaa. Kwani mimi si shangazi wa mtu?"

Loo! Hakungoja hata nguo zikauke kambani. Alivuka uwanja hadi kwa Penisoni, mtoto wa kaka yake, akarudi na fungu la Penisoni. Mke wa Penisoni naye akakumbuka kwamba ana kaka, na kaka ana watoto. Wiki mbili giza likawa linahama nyumba hadi nyumba, kwa adabu zote, na kila mara Folau anaitwa na koleo yake, achomoe huku, achomeke kule. Watu wakamtania: "Fundi, leo unamzika nani?" Naye akacheka nao. Roho yake ilikuwa tulivu kabisa.

Siku ya kumi na tano giza lilikuwa nyumbani kwa bibi mmoja aitwaye Kalo, na Kalo akamwagiza Folau ampe fungu la Seluvaia, binti wa kaka yake.

Folau akaenda kumwarifu Seluvaia kabla hajazima. Alimkuta jikoni, mwanamke wa miaka arobaini anayeishi peke yake. Seluvaia hakubisha. Alifungua friji tu, akamwonyesha. Ndani mlikuwa na nazi nusu, na pembeni vichupa vya dawa yake ya sukari, ile ya sindano.

"Huwezi kwenda kwa mtoto wa kaka yako?" akauliza Folau, na alipokuwa akisema akajua jibu.

"Kaka yupi? Nimezaliwa peke yangu, na wewe unajua. Dawa hii ikikaa kwenye joto inaharibika. Meli nyingine inakuja mwezi ujao." Akafunga friji. "Basi nenda kazime, Folau. Si ndiyo kazi yako?"

Folau hakwenda chumba cha betri. Alikwenda kwa Lesieli, akamkuta anasuka mkeka. Safari hii hakuketi.

"Shangazi, nimekuja kuchukua lile fungu la pili. Nampa Kalo, ili Seluvaia abaki na la kwake."

"Na samaki wangu?"

"Sijui, Shangazi."

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia."

Lesieli akaendelea kupitisha ukindu, mstari mzima.

"Ana nini Seluvaia?"

"Dawa yake inakaa kwenye friji."

"Umelijua lini hilo?"

Folau akatamani kudanganya. "Tangu siku niliyomfungia waya za umeme nyumbani."

Hapo shangazi akaweka mkeka chini, akamtazama.

"Mimi kutaka ni haki yangu, tangu wewe hujazaliwa. Nilitaka, ukanipa, sikukunyang'anya. Lakini ile 'hapana' ilikuwa ya kwako wewe kuisema, ndiyo maana tulikupa funguo. Umetembea nayo kijiji kizima unatafuta wa kumtwisha, mpaka ukampata mgonjwa."

Folau aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku alipoanguka mimbarini.

"Nenda kachomoe," akasema Lesieli. "Kisha rudi na toroli. Samaki wa friza hiyo wataliwa leo, na wa kwanza wa Seluvaia."

Jua lilikuwa bado liko juu Folau alipofika tena jikoni kwa Seluvaia na samaki wawili wakubwa, barafu inamdondokea miguuni. Seluvaia akawapokea, akawapanga kwenye friji kando ya dawa.

"Umemwambia hapana?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Kumbe neno hilo unalo," akasema Seluvaia, akageuka kutafuta kisu.