Kuku wa Faini

Filimbi ya Mbuvi haikuwa na jamaa. Siku za mwethya, kazi ya pamoja ya Jumanne na Alhamisi, kijiji kizima kilipotoka na majembe kuchimba mitaro ya kushika maji ya mvua kwenye mteremko ule wa juu ya Nuu, msimamizi alikuwa yeye, na mwenyeji aliyechelewa au kukosa kufika alitozwa kuku. Kuku huyo aliletwa siku ya kazi iliyofuata, akapikwa papo hapo na kuliwa na waliotoka jasho. Mbuvi alishamtoza mchungaji wa kanisa lake. Alishamtoza hata Kavata, mkewe, na wiki nzima nyumbani hakusemeshwa.

Mara moja tu alipitiliza: alimtoza daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbuzi. Aibu iliyoje! Kuku alirudishwa, na Mbuvi akalazimika kuitangaza sheria kwa kinywa chake mwenyewe: faini ni ya mwenyeji, mgeni hatozwi.

Sasa kulikuwa na mgeni aliyemkosesha usingizi. Ilham, aliyekimbia vita Sudan, alikuwa akiishi kwa mjane Wayua. Walijuana wodini, vitanda vyao vikiwa jirani. Wayua alipokuwa hawezi hata kushika kikombe, Ilham ndiye aliyemnywesha uji. Wayua alipopona alimwambia, "Twende kwangu," wakaja. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa sawa, chifu alishaziona. Lakini Mbuvi alikuwa dikoni, na dikoni haridhishwi na karatasi.

"Mama Kyule," alimwambia Wayua Jumapili nje ya kanisa, "mgeni ni siku mbili. Huyu wako ameota mizizi. Tena si wa imani yetu."

"Yesu alikimbizwa Misri akiwa wa kubebwa," Wayua akajibu. "Wamisri walimuuliza anasali wapi?"

"Hiyo ni ingine."

"Na ukiangalia ramani, Dikoni, huyu ametoka jirani na huko huko. Pengine nyanya ya nyanya yake ndiye alimpikia Maria uji."

Watu walicheka. Mbuvi hakucheka. "Alhamisi, baada ya kazi, nitauliza kijiji. Kikisema aende, ataenda."

Kicheko kikamkauka Wayua mdomoni. Kijiji kilizoea kufuata alikoelekea Mbuvi, na Ilham hakuwa na pa kwenda ila kurudi kambini.

Jumanne ikafika, siku ya mwethya. Jua lilikuwa limeshapanda, vumbi limejaa puani, Mbuvi alipoinua macho akaona mwanamke amesimama kwenye ua wa Wayua, mikono ameikunja, anatazama. Kuna watu ambao damu huwachemka wakiona nyoka. Ya Mbuvi ilichemka akiona mtu amekunja mikono. Filimbi ilifika mdomoni kabla ya akili kufika kichwani.

"Wewe hapo! Unatutazama kama sinema? Kuku mmoja, Alhamisi!"

"Mimi?" Ilham akauliza.

"Kwani naongea na ua?"

Wayua, aliyekuwa mtaroni, alijiziba kinywa kwa kiganja. Akainamia jembe lake. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Alhamisi Ilham alileta kuku mnono, ujira wa kuwasuka nywele wasichana wa sokoni. Abubakar mwenye duka alikuwa amemchinja, ili naye mlipaji aweze kula. Alipikwa, akaliwa. Firigisi, kama desturi, alipewa msimamizi. Mbuvi aliitafuna taratibu, akapangusa mdomo, akasimama.

"Jamani, hapa si kambi. Huyu mama ni mgeni, na mgeni..."

"Ngoja kwanza, Baba," alisema Kavata, mkewe, akilamba kidole. "Huyu ni nani?"

"Mgeni."

"Na tumekula nini?"

"Kuku."

"Wa nani?"

Mbuvi akapangusa mdomo tena. Wanawake hawakungoja jibu. Wakagonga majembe kwa mawe, na wimbo ukazaliwa hapo hapo:

*Mbuvi mpiga filimbi,*
*firigisi imekwisha,*
*jibu, usifiche dhambi:*
*mgeni anatulisha?*

Mbuvi alichungulia sufuria. Mifupa mitupu. Akimwita mgeni, itabidi amrudishie kuku na akiri mbele ya mchungaji kwamba filimbi imekosea mara ya pili. Alikuwa bado anatafuta upenyo Ilham aliposimama, sahani mikononi. Hakuelewa kwa nini wanaimba. Aliona tu uso wa mzee umekunjamana.

"Baba," akasema polepole, "kama kuku hakutosha, nitaleta mwingine. Msinifukuze."

Majembe yakatulia. Firigisi ile, iliyoshuka vizuri, sasa ilimkaa Mbuvi kooni kama jiwe. Alikohoa. Akakohoa tena.

"Filimbi yangu haikosei," akasema hatimaye. "Nilimtoza kwa sababu ni wa hapa. Nani amesema ni mgeni?"

"Ni wewe!" wakapaza sauti wote, mchungaji akiwa wa kwanza.

"Mlinikatiza! Nilikuwa naelekea kusema, mgeni siku ya tatu hupewa jembe." Akaokota jembe lake mwenyewe, lenye mpini uliong'arishwa na viganja vyake, akamkabidhi Ilham bila kumtazama. "Haya. Na usilivunje."

Jumanne iliyofuata Ilham alichelewa, jembe begani, anakimbia mteremkoni. Filimbi ikalia.

"Kuku!"

"Lakini, Baba, mimi ni mgeni!"

"Mgeni wa nani?" akanguruma Mbuvi. "Kuku! Na awe kama yule wa juzi."