Sahani ya Kombe

"Nani ameosha sahani hii?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Mimi, bibi," akajibu Mama Pius, mpangaji wa chumba cha uani, mikono yake bado ina povu. "Ilikuwa na rangi ya manjano. Nikajua ni bizari ya jana."

Zamzam, mjukuu wa Bi Mwanamkuu, alisimama mlangoni na sare yake ya shule, roho juu. Haikuwa bizari. Ilikuwa zafarani ya kombe: aya alizoandika mwalimu wa chuo cha Kurani, zioshwe kwa maji ya waridi, naye Zamzam azinywe kabla ya mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Na mwalimu mwenyewe alikwenda Bagamoyo mazikoni tangu alfajiri.

"Basi," Zamzam alisema. "Siendi."

Akaenda mpaka kisimani, akarudi. Akafungua mkebe wa bikari, akaufunga, akaufungua tena. Tangu Julai, mwalimu wa shule alipomsimamisha mbele ya darasa na kusoma alama zake za mtihani wa majaribio, wenzake wakacheka huku wakipiga madawati, hakuiona tena karatasi ya mtihani bila viganja kulowa. Nyumbani hesabu zilimtii. Kwenye chumba cha mtihani zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Wiki nzima alikuwa amelishikilia kombe hilo tu.

"Kwani huko kwenu Songea hamjui zafarani?" bibi alifoka.

"Songea tunajua mahindi, bibi. Nisameheni." Mama Pius akamgeukia Zamzam. "Mwanangu, na ule mtihani wa Julai ulikunywa kombe?"

"Nilikunywa."

"Ukapata ngapi?"

Zamzam alitazama vidole vya miguu. "Kumi na mbili."

"Kati ya ishirini?"

"Kati ya mia."

Bi Mwanamkuu alijikaza, akashindwa. Kicheko kilimtoka mpaka ushungi ukamdondoka. Mama Pius naye akaangua kicheko. Zamzam alikunja uso, lakini mdomo ulimsaliti, akacheka nao mpaka machozi yakamtoka.

"Njoo hapa," bibi akasema, akijifuta macho. "Aya zile Mwenyezi Mungu ameshazisikia. Hakuna sabuni inayofika huko." Akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Mama Pius akainamisha kichwa, akapiga ishara ya msalaba.

Zamzam akatoka mbio. Nyundo za wajenzi wa soko jipya la Kariakoo zilimfuata mtaa hadi mtaa, na moyo wake ukagonga pamoja nazo.

Karatasi ilipowekwa mbele yake, viganja vikalowa vilevile. Swali la kwanza liliogelea. La pili nalo. Alitamani kutoka. Akafunga macho, akasema, "Ya Rabbi, usiniache," akafunua ukurasa wa pili. Hapo palikuwa na pembetatu moja, imekaa kimya.

Akaanza nayo. Tarakimu zikatoka kama miguu ya kuku. Akafuta, akaandika upya. Kisha akarudi kwenye lile la kwanza, sasa lilisomeka. Hofu haikutoka, ilikaa tu pembeni yake kwenye dawati, naye akaisogeza kwa kiwiko.

Saa moja baadaye alinyoosha mkono.

"Unaumwa, ndugu?" msimamizi aliuliza.

"Hapana, mwalimu," Zamzam akasema. "Naomba karatasi nyingine. Hii imejaa."