Karatasi ya Mlango wa Friji

Daktari mgeni alizungumza Kihispania. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Mimi, muuguzi wa chanjo, niliwahi kusoma lugha yake mwaka mzima, basi nikapewa kazi ya kumfundisha maneno ya zahanati. Tulianza na joto, nami nikajidai mwalimu hasa.

“Joto unalolipima, la mwili au la friji, ni *temperatura*. Mtoto ana homa, *fiebre*. Jua likituchoma, *calor*.”

Akayarudia yote, kisha akaanza kuzunguka chumbani akitafuta pa kuyatumia. Kimbelembele tu!

Akafika kwenye friji ya chanjo. Mlangoni kuna karatasi ya kujaza joto kila asubuhi na kila alasiri. Nisifiche: huwa naijaza Jumatatu, kwa wiki nzima. Tano, tano, tano. Friji ile haijawahi kuniangusha, na kuinama kunaniumiza mgongo.

“*Temperatura*,” akasoma, kidole kikishuka. “Leo asubuhi, tano. Leo alasiri, tano.” Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. “Sista, alasiri tayari?”

Njia ya mwongo ni fupi. Akafungua friji, akasoma kipimajoto: kumi na nne, na chanjo hazitakiwi kuvuka nane. Plagi ilikuwa imelegea. Tangu lini, hakuna aliyejua, maana wa kujua nilikuwa mimi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemchoma sindano mtoto mmoja tu. Binti yangu alikuja na mjukuu wangu, nikawapitisha mbele ya foleni, nikijisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi.

“Niseme mimi?” daktari akauliza, akionyesha foleni nje.

“Kwa Kiswahili chako hicho? Kaa.”

Nikatoka. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, na binti yangu bado alikuwa akimnyonyesha mtoto. Nikasema: friji imepata joto, leo hakuna chanjo, na kosa ni langu, sikuipima.

“Na huyu uliyemchoma?” binti yangu akauliza.

“Sindano ile huenda isimkinge. Itabidi arudiwe.”

Akamfunika mtoto kwa kanga, taratibu. Alinifahamu vizuri kuliko wote pale.

“Na wale wa jana, mama? Na wa juzi?”

Nikarudi ndani kuchukua daftari la majina ya watoto waliochanjwa.