Watu Mia Mbili Nyuma ya Kabati

Jumanne saa kumi jioni mkaguzi wa filamu alifika nyumbani na mfuko wa diski kumi na tatu, fomu moja ya kurasa mbili, na kalamu ya ofisi iliyofungwa kamba ili isipotee. Aliweka mfuko mezani, akavua viatu, akamwita binti yake aje wafanye kazi, mama na mtoto.

Ndivyo ofisi yao ilivyokuwa ikifanya. Kipindi cha kuoneshwa watoto hakikupigwa muhuri mpaka mkaguzi akitazame pamoja na mtoto wa nyumbani kwake, na mtoto huyo aliandikwa kwenye fomu kama shahidi. Wakaguzi wasio na watoto walipewa filamu za vita. Binti wa mkaguzi alikuwa na miaka minane, na kwao walimwita Karani, kwa sababu tangu ajue kuandika alikuwa akiandika kila kitu: nani kaja, nani kaondoka, nani kamaliza sukari. Alishakuwa shahidi wa katuni tatu na filamu moja ya mbwa, na alijiona mfanyakazi kabisa.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha vichekesho vya familia, cha zamani. Kilikuwa na baba mnene mwenye sauti kubwa, mama mwembamba asiyevua aproni, watoto wawili, na kochi moja ambalo wote walikaa wakiwa wameelekea upande mmoja. Mkaguzi alikua akikitazama. Kila mtu ofisini alikua akikitazama. Sasa kilikuwa kinarudishwa hewani kwa ajili ya likizo ya shule, na ilitakiwa mtu aseme kama kinawafaa watoto. Mkaguzi aliona ni kazi ya kufanya huku amenyoosha miguu. Fomu ilikuwa na mistari mitano: damu, matusi, uchi, ulevi, vitisho. Kwa kila tukio mkaguzi alichora kijiti kimoja.

Katika sehemu ya kwanza baba alirudi nyumbani akakuta chakula hakijaiva. Akamwambia mkewe kwamba siku akili zilipokuwa zinagawiwa bure, yeye alisimama kwenye foleni ya sufuria. Watu wasioonekana wakacheka. Mkaguzi naye akacheka, tena aliwatangulia kidogo, kwa sababu maneno yale aliyajua kwa kichwa.

"Wanacheka nini?" Karani akauliza.

"Baba amefanya utani."

"Mbona mama hajacheka?"

"Yule ni mwigizaji. Anaigiza kwamba hajacheka."

Karani aliangalia televisheni, akamwangalia mama yake, kisha akafungua daftari lake akaandika. Katika sehemu ya pili alicheka na yeye, ila alichelewa, kama mtu anayepiga makofi kwenye sherehe ya watu asiowajua. Fomu ilibaki nyeupe.

Siku ya Alhamisi, wakiwa wameshamaliza diski sita, vicheko vilianza ndani ya nyumba.

Mume wa mkaguzi alikuwa fundi miwani, mtu wa watu, asiyepita njiani bila kusalimiwa. Nguo zake alizipiga pasi mwenyewe, na za mtoto pia. Tangu waoane hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Jioni hiyo alionja chai, akakunja uso, akamgeukia Karani. "Kuna wanawake wawili duniani wanaoweza kuunguza chai," alisema. "Mama yako ni wote wawili."

Vicheko vikapanda kutoka nyuma ya kabati la vyombo. Vilikuwa vya watu wengi, wanawake kwa wanaume, na mmoja wao alikuwa na kikohozi. Mume alingoja vipungue, kisha akaomba apitishiwe sukari.

Kesho yake mkaguzi alimwita mwashi, kwa kuwa ukuta ulikuwa umeanza kumwaga chokaa kwenye sahani. Mwashi alisogeza kabati, akagonga hapa na pale, akabandika sikio.

"Hawa kama mia mbili hivi, mama," alisema. "Wamekaa kwa safu. Safu ya mbele wengi ni wazee."

"Wanaweza kutoka?"

"Watoke waende wapi? Wameshakaa. Ukiwaziba hapa watahamia chumbani, na kule ndiyo mtakosa raha kabisa. Ningekuwa mimi ningewaacha." Akaziba ufa mmoja ili isionekane amekuja bure, akanawa mikono, akaenda zake.

Mkaguzi hakuwa na ugomvi na watu wa ukutani. Kilichomchanganya ni idadi ya vicheko. Miaka yote maneno ya mumewe yalikuwa yakiingia sikio hili yakitokea lile, au ndivyo alivyodhani. Sasa kila neno lilikuwa na kicheko chake, na yeye, kwa mazoea ya kazi, akajikuta anachora vijiti nyuma ya bahasha. Ijumaa vilikuwa tisa. Jumamosi vilifika kumi na sita, maana Jumamosi mume hushinda nyumbani. Hakujua anahesabu kitu gani. Matusi hayakuwa, na kwa matusi yeye ni mtaalamu. Vitisho havikuwepo. Mtu alikuwa anamchekesha mtoto wake, basi. Aliumia, hilo alikuwa na uhakika nalo, lakini hakujua kama ana haki ya kuumizwa na jambo ambalo watu mia mbili wameliona linachekesha, na ambalo Jumanne alilicheka mwenyewe.

Jumapili alijaribu bahati yake. Mume alikuwa anazunguka sebuleni, anainua mito, anatafuta miwani, na miwani iko usoni kwake.

"Jamani njooni muone," mkaguzi alisema. "Fundi miwani anatafuta miwani kwa miwani."

Ukuta ukanyamaza kimya. Mwenye kikohozi akakohoa mara moja.

"Ndiyo utani huo, mke wangu?" mume aliuliza kwa upole, na nyuma ya kabati wakaangua kicheko mpaka vikombe vikagongana.

Jioni Karani alimfuata mama yake jikoni na daftari mkononi.

"Mama, nimeandika zote. Baba akikusema wewe, wanacheka. Wewe ukimsema baba, hawacheki. Mimi sijajaribu."

"Usijaribu."

"Kwa nini?"

Mkaguzi aliendelea kusuuza sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Wakicheka unaumia?" Karani aliuliza.

"Wakati mwingine, mwanangu."

Kutoka ukutani ilisikika sauti ya huruma, laini, ya watu mia mbili kwa pamoja. Kisha mmoja wao akashindwa kujizuia, wakacheka wote. Karani alisikiliza mpaka mwisho, penseli imesimama juu ya karatasi, hajui aiandike upande wa kucheka au wa kutocheka.

Hapo ndipo mkaguzi alipoogopa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa anajifunza nani wa kuchekwa na nani wa kucheka kama wenzake wanavyojifunza jedwali la kuzidisha, na shule yenyewe ilikuwa imeletwa nyumbani na mama yake, ndani ya mfuko wa ofisi. Usiku huo alichukua rula, akachora mstari wa sita chini ya fomu, akauandika: dharau kwa mama wa nyumba. Akarudia diski zote kumi na tatu kwa sauti ya chini mpaka kukapambazuka. Alipomaliza, mstari wa sita ulikuwa na vijiti mia mbili na kumi na vinne, na mingine mitano ilikuwa mitupu.

Jumatatu asubuhi mkuu wake wa kazi, ambaye ofisi nzima walimwita Bwana Muhuri hata mbele yake, aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Umeongeza mstari," alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Fomu haiongezwi mstari. Imepitishwa hivi ilivyo." Akaketi. "Dada yangu, sisi wote tumekua tukikitazama kipindi hiki. Kimetufanya nini?"

"Wamehamia kwangu, bosi. Wako nyuma ya kabati la vyombo."

"Wangapi?"

"Mia mbili."

Bwana Muhuri aliitikia kwa kichwa. "Kwangu wapo tangu mwaka niliooa. Wako darini. Mke wangu alisumbuka miezi ya mwanzo, akataka hata turudishe nyumba kwa mwenyewe. Siku hizi hasemi kitu, mtu mtulivu kabisa." Akafungua droo, akatoa fomu nyingine. "Utazoea. Shahidi alicheka?"

Mkaguzi alifikiri. "Mwanzoni alichelewa."

"Lakini alicheka."

"Alicheka."

"Basi andika alicheka."

Alitaka kukataa. Aliishika kalamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Bwana Muhuri akamuuliza kwa nia njema kabisa kosa analoliona liko mstari upi, na yeye hakuwa na mstari. Akaandika kwamba shahidi alicheka. Akatia sahihi chini ya maneno yanayosema kipindi kinawafaa watoto wa umri wote, hasa wakitazama pamoja na wazazi. Muhuri ukapigwa kabla ya chai ya saa nne.

Jioni mume alimpongeza kwa kumaliza kazi mapema. Alisema anashukuru, maana yeye akitazama televisheni wiki nzima hakuna anayempa mshahara, na nyuma ya kabati wakacheka kidogo, kicheko cha kuanzia. Mkaguzi aliwapakulia wote, akakaa wa mwisho.

"Leo nimechoka," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Mume alikuwa amefungua mdomo, lakini Karani alimuwahi.

"Na kiti kilichokubeba je, Mama? Chenyewe hakijachoka?"

Havikuwahi kusikika vicheko kama hivyo katika nyumba ile. Ukutani viti vilisukumwa, watu wakainuka, wakapiga makofi, na mwenye kikohozi alicheka mpaka akapaliwa. Mume aliweka kijiko chini akajifuta machozi kwa furaha, akasema damu yake hiyo. Karani hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake, hajui kama amefanya jema au baya, anasubiri kuliona jibu usoni kwake.

Mkaguzi alitaka kumwambia, na maneno alikuwa nayo. Lakini makofi yalikuwa mengi, na safu nzima ya mbele ilikuwa inamngoja yeye, kwa hiyo akatabasamu.

Karani akaliona tabasamu. Uso ukamchangamka, akaketi vizuri, akangoja vicheko viishe kama baba yake anavyongoja, huku akitafuta neno lingine la kusema.