Vidole Vinne vya Bi Badriya

"Goti langu si kofia, Kaltham! Umenidunga tundu saba na mguu uko vilevile!"

"Tatu, Bi Badriya. Sindano zilikuwa tatu."

"Mie nashona kofia tangu sijavunja ungo, leo unifundishe kuhesabu tundu?"

Mimi Shukriya, jirani wa ukuta mmoja, niliyasikia hayo nikiwa jikoni. Nikazima jiko, nikajitupia buibui, mie huyoo mpaka mlangoni kwa Bi Badriya.

Sisi wa Ibra, huku Oman, tuliotoka Unguja sote tulikuwa tukingoja habari ya goti lile. Bwana Hashil, ami yake Kaltham, alikuwa msaidizi hospitalini Unguja, na daktari wa Kichina, Bibi Lin, alimfundisha miaka minne kutibu kwa sindano nyembamba kama unywele. Alipohamia Oman mwaka wa sabini na nne alikuja nazo ndani ya kopo la biskuti. Wanaume akiwadunga mwenyewe. Wanawake je? Mkono wake utagusaje goti la mke wa mtu? Ndipo akamchukua Kaltham amfundishe. Miezi sita binti alidunga bunda la karatasi, kisha mguu wake mwenyewe, kila siku baada ya alasiri. Bi Badriya ndiye mgonjwa wake wa kwanza. Na ami alishasema: huyo akikataa, kopo linarudi kabatini, khalas.

Basi Kaltham, msichana ambaye hajibiwi akanyamaza, siku ile akawa wa kuomba.

"Mara moja tu, Bi Badriya. Nakuomba."

"Nyumbani kwangu huingii tena na misindano yako."

"Basi njooni kwangu," nikasema. "Na mie nione."

"Weye Shukriya unataka kuona kila kitu. Toa goti lako!"

"Langu lingeuma, wallahi ningelitoa."

Akacheka kidogo. Nikamshika mkono kabla hajabadili nia.

Sindano zilichemshwa kwenye sufuria yangu ya chai. Bwana Hashil akaitwa, akaketi ukumbini, upande wa pili wa pazia.

"Pima vidole vinne chini ya goti," alisema kutoka kule. "Toka nje kidogo ya mfupa. Haya, ingia."

Kaltham akalaza vidole vyake, vyembamba kama njiti, akapata mahali, akadunga. Nilisogeza uso mpaka nikasukumwa. Damu haikutoka hata tone!

"Unasikia nini, Bi Badriya?" pazia likauliza.

"Nasikia nimedungwa!"

"Panachoma, au pazito kama mguu uliokufa ganzi?"

"Panachoma."

"Itoe." Akaitoa. "Kaltham, mguuni kwako unasikia uzito?"

"Kila siku, ami."

Mie nilikuwa nikitazama mkono wa Kaltham na mguu wa Bi Badriya, mnene, umejaa. Swali likanitoka lenyewe: "Hivi, Bwana Hashil, vidole vinne vya nani?"

Nyuma ya pazia kiti kikalia.

"Vya mgonjwa. Kila mwili hupimwa kwa vidole vyake. La ilaha illallah, Kaltham, sikukwambia?"

"Nilikuwa najidunga mwenyewe, ami. Mguu wangu, vidole vyangu."

"Mungu wangu!" akamaka Bi Badriya. "Hata kofia ya mume wangu Soud napima kwa kichwa chake, si kwa changu!"

Akalaza vidole vyake mwenyewe, vipana kwelikweli. Mahali pakashuka karibu kidole kizima. Kaltham akavuta pumzi, akadunga. Safari hii Bi Badriya hakupiga kelele. Macho yakamtoka.

"Pazito. Eh! Kuna kitu kinateremka mpaka kwenye unyayo."

"Hicho ndicho," pazia likasema.

"Na kopo, ami?" Kaltham akauliza, sauti ndogo.

"Kopo kaa nalo. Kosa langu."

Goti halikupona siku ile, nisiseme uongo. Alirudi kwake akichechemea, lakini vidato vitatu vya mlangoni alivipanda bila kushika ukuta. Juu akageuka.

"Kesho utakuja saa ngapi?"

"Nije wapi, Bi Badriya? Nimekatazwa nyumba."

"Nani kakukataza? Ingia, mwanangu, wali wa nazi ushaiva. Ami yako aende majlisi kwa wanaume, akale na Soud. Na weye Shukriya, usinichungulie hapo. Najua jiko umelizima. Ingia ule."