Vichwa Viwili Nyuma ya Dina

Mpaka leo sijui kwa nini siku ile alikataa kusogea... nilipiga kelele, Dina, toka hapo, treni inakuja, na yeye akasimama pale pale kwenye kokoto za stesheni ya Mlowo, mtoto mgongoni, akaniangalia tu, na mimi filamu imebaki picha moja, filamu ya kuagiza Mbeya, na vichwa viwili vya treni vimefungwa pamoja vinavuta shaba ya Zambia, kitu nilichokisubiri miaka miwili, nikabonyeza, ningefanya nini tena, picha ikatoka na mke wangu katikati, kakifunika kichwa cha mbele hadi namba... "Shemeji, Aziz anasubiri jibu," anasema Gwamaka, mdogo wa marehemu mke wangu, amekaa kando yangu kwenye benchi chini ya turubai, simu mkononi, macho mekundu, hajalala tangu juzi, simlaumu, lakini jibu nimeshampa mara mbili, hapana, picha ya msalaba wa kaburi itakaa kama ilivyo, na treni yake, siyo upuuzi huu aliotutumia Aziz kutoka duka lake la kuchapa picha, Dina kakatwa kiunoni, kabandikwa kwenye bustani ya waridi na mawingu na njiwa wawili, Dina aliyelima kahawa hapa Igamba maisha yake yote, waridi kaziona wapi? "Ndivyo wote wanavyowekewa, shemeji. Hata mzee Watson aliwekewa." "Na njiwa?" "Wanne." Mwanamke mmoja anayemenya viazi anacheka, anajiziba mdomo... mwili unafika saa nane, msalaba umeshapakwa rangi, nafasi ya picha imeachwa, na picha ni hii moja, maana ile ya kitambulisho anaonekana kama mtu aliyekamatwa, na za kwenye simu zote ni za mwaka huu, ugonjwa umeshamla uso... jana shangazi zake waliotoka Mbebe waliuliza kwa sauti, wakijua nasikia, huyu bwana si ndiye mpiga picha, ana albamu kumi na moja ndani, mkewe yuko wapi humo? nikatoka nje kwa hasira, wanajua nini wao, wamewahi kusimama kwenye mvua saa nne nzima wakingoja behewa... "Baba, tazama hapa kwanza," Tulinagwe ananiinamia, mwanangu, yule yule wa mgongoni, anachukua simu ya mjomba wake, anaikuza picha yenyewe kwa vidole viwili, treni inatoka nje ya kioo, unabaki uso... miaka thelathini nimeishika picha hii nikitafuta namba nyuma ya bega lake, nikimlaani kimoyomoyo, uso huu sijawahi kuutazama, una jasho, midomo imebanwa, mtu aliyetembea kutoka Igamba jua la mchana na mtoto mgongoni, alikuja kuniambia kitu, au kunigombeza, au alitaka tu nimwone, na mimi nikamwambia toka, halafu wiki nzima sikumsemesha, wiki nzima! kwa ajili ya chuma kinachopita, chuma ambacho kesho yake kingepita tena, namba ya kichwa cha nyuma naweza kuitaja hata sasa, lakini siku ile ilikuwa mwezi gani sijui, mtoto alikuwa na umri gani sijui, mjinga mimi, mjinga mwenye kamera... "Mama alikuwa amefuata nini kule, baba?" "Sijui." "Hukumwuliza?" na Gwamaka anaangalia ardhi, heri angenitukana, ningempiga, ningepata cha kufanya na mikono hii... "Treni itoke," nasema. "Umesemaje, shemeji?" "Itoke. Na maua yatoke, na hao njiwa wake, nyuma pawe peupe tu, na asimkate kiunoni, nataka miguu ionekane." "Na mtoto?" "Mtoto umtoe umpeleke wapi, Gwamaka? Abaki." Anapiga simu, anamrudia Aziz maneno yangu moja moja, na Aziz, huko Mlowo, anavifuta vichwa vyote viwili, bila kuuliza, mimi bado niko kwenye benchi, chai mkononi haijapoa.