Ufutio Pajani

Kazi yangu ni kukata nyama za watu vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvipaka rangi ili vitazamwe kwenye hadubini. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo naomba nisifundishwe na mtu lengelenge ni nini. Nasema hivi kwa sababu wiki ile kila mtu alikuwa bingwa wa ngozi isipokuwa mimi.

Mtoto wa mdogo wangu, wa miezi mitano, alikuwa amelazwa wodi ya watoto, ghorofa moja juu ya maabara yetu. Visigino vimechubuka, magoti yamejaa malengelenge. Aliyemleta ni mama mkwe wa mdogo wangu, na ndiye aliyelitamka neno lenyewe mbele ya daktari: kuungua. Hakusema kaunguzwa na nani. Alimtazama mkwewe tu, ikatosha. Kesho yake, Jumatatu, akaja afisa ustawi wa jamii na faili. Ijumaa saa nne, akasema, kama hospitali haijaonyesha sababu nyingine, mtoto anapelekwa kituo cha kulelea watoto.

Na mdogo wangu? Kimya. Hilo nalo lilinipandisha hasira. Ukimbana anakwambia, "Sijui, dada. Nambadilisha nepi tu, nepi inatoka na ngozi inatoka." Sasa nani ataamini maneno kama hayo? Mimi niliyaamini, maana mtu anayetunga uongo hutunga wenye akili kidogo.

Jumanne daktari wa ngozi, kijana mwenye saa kubwa mkononi, akatuletea kipande cha ngozi ya mtoto. Nikakikata, nikakipaka rangi, nikakitazama. Upuuzi mtupu. Alikuwa amechagua lengelenge kubwa kuliko yote, na kubwa kuliko yote ndilo la zamani kuliko yote. Ngozi haikai ikingoja ripoti. Siku nne zikipita, seli mpya zimeshatambaa chini ya lengelenge na kuziba mahali palipochanika. Ni kama kuuliza sahani ilivunjikaje wakati mtu ameshafagia. Daktari wetu wa maabara akaandika: haiwezekani kuamua.

Nikapiga simu juu. "Daktari, naomba jipya. La leo."

"Lile lilikuwa zuri sana, dada. Lilijaa."

"Sinunui nyanya, daktari. Nataka jipya."

"Jipya halipo. Wauguzi wamemfunga bandeji, hakuna anayemgusa."

Jumatano akaleta kipande kingine. Kikubwa zaidi. Nilikitazama, nikavua glavu, nikatoka nje kusimama karibu na mapipa ya taka mpaka moyo ulipotulia, maana ningebaki ndani ningevunja kitu cha serikali.

Alhamisi asubuhi nikapanda mwenyewe, mfukoni nina ufutio mpya wa penseli. Msinicheke. Wanaofanya kazi hii wanajua: lengelenge jipya likikosekana, unalitengeneza. Unasugua taratibu kwa ufutio ngozi isiyo na kidonda, unangoja, kisha unakata ukingoni mwa palipoinuka. Kijana wetu alikuwa amelisoma hilo chuoni, akalisahau.

Nikawakuta wote wamezunguka kitanda: daktari, mdogo wangu, mama mkwe, na afisa na faili lake.

"Unataka kumuumiza mtoto mbele yangu?" afisa akauliza.

"Nipe mkono wako," nikamwambia. Nikamsugua mkononi, mara ishirini, akihesabu mwenyewe. Ngozi ikawa nyekundu kidogo, basi. Nikamkabidhi daktari ufutio. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, akakishika kiguu cha mwanawe.

Daktari akasugua pajani, nusu ya zile alizosuguliwa afisa. Mtoto alidhani anatekenywa, akacheka. Tukangoja. Mama mkwe alikuwa ananung'unika kwamba sasa watu wameishiwa, wanatibu watoto kwa vifaa vya shule, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, ngozi ikaanza kuinuka. Pole pole, ikajaa maji. Daktari akapiga ganzi, akakata ukingo, na safari hii nilikipokea kile kipande kwa mikono yangu.

Sikula mchana ule. Ijumaa saa mbili daktari wetu wa maabara alikuwa kwenye hadubini, na mimi nyuma yake nampumulia shingoni.

"Tazama mwenyewe," akaniambia, akanipisha.

Saa nne nikamfuata kwenye chumba cha kikao. Yeye akaanza na majina ya kitabuni, nikaona macho ya afisa yanapotea, nikaomba niseme mimi.

"Ngozi ya juu ni seli zimepangwa safu juu ya safu," nikasema. "Kila seli imebanwa na jirani zake kwa viungio, kama vifungo vya shati. Ndani ya seli kuna kiunzi, nyuzi imara zinazotoka kiungio hadi kiungio. Ukiivuta ngozi, nyuzi hizo ndizo zinazobeba mzigo. Huyu mtoto viungio vyake vizima kabisa. Nyuzi za safu ya chini ndizo dhaifu, kazaliwa nazo hivyo. Ukimsugua, seli inapasuka katikati, nusu inabaki chini, nusu inaondoka na ngozi. Moto huanza kuharibu juu. Hapa safu za juu ni nzima. Hajaungua."

"Kwa hiyo mama yake..."

"Mama yake alikuwa anambadilisha nepi. Alisema hivyo tangu siku ya kwanza."

Afisa akaandika, akanirudisha nyuma mara mbili, akafunga faili. Mtoto haendi popote. Mdogo wangu akaweka paji la uso mezani, akalia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tukarudi wodini. Mama mkwe hakuomba radhi, na wala sikutegemea. Alilia naye, akajifuta, akaenda moja kwa moja kitandani. "Mume wangu, njoo kwa bibi," akasema, akapitisha mikono kwapani mwa mjukuu wake, akamnyanyua juu, akamrusharusha kidogo. Mtoto akacheka kwa sauti.

"Mama, mshushe," nikasema.

"Hata kumshika sasa sina ruhusa?"

Alimpakata. Nikasogea, nikafungua vifungo vya shati la mtoto, nikamwomba atazame. Tulingoja hivyo hivyo. Chini ya makwapa yote mawili ngozi ikapanda, ikachora vidole gumba viwili vya bibi.

Akavitazama. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Magoti," akasema. "Mimi ndiye ninayemnyoosha magoti kila asubuhi nikishamwogesha."

Wiki nzima nilikuwa nimemwekea mama yule maneno. Nilikuwa nimeyapanga, mengine nimeyafanyia mazoezi bafuni. Hakuna hata moja lililotoka.

Mdogo wangu ndiye aliyesogea. Akauchukua mto, akamlaza mtoto juu yake, akauweka mto wote mikononi mwa mama mkwe wake. "Hivi, mama. Shika mto, usimshike yeye."

Mama yule akakaa hivyo karibu saa nzima. Mikono ilianza kutetemeka kwa kuchoka, na kila nilipotaka kumpokea alitikisa kichwa. Mwisho akaniuliza, bila kunitazama, "Nikitetemeka hivi, namuumiza?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hivyo humuumizi."